Mwongozo kamili: kulisha ng'ombe mtama, mahindi na majani mabichi bila sumu ya nitrati kukumalizia kundi

Mvua zikikatika katikati ya msimu, mtama umefika magotini umesimama hapo hapo, mahindi yamejikunja majani kabla hata ya kubeba, mtu anapiga hesabu ya haraka haraka: nafaka sipati, basi angalau ng'ombe wale. Na hesabu yenyewe wala sio mbaya, hayo mabua ni chakula na hakuna sababu ya kuyaacha yaoze shambani. Shida ni vile tunavyoingia. Kundi lina njaa tangu jana, shamba linafunguliwa asubuhi na mapema, ikifika saa sita mchana kuna ng'ombe wawili chini, wanahema kama wamekimbizwa, na watu wanaanza kutafuta mchawi.

Niseme mapema ninavyoamini mimi: kwenye hii sumu, majani ni nusu tu ya tatizo, nusu ya pili ni njaa na kasi ya kula. Majani yale yale yaliyoua ng'ombe wa jirani, wa kwako anaweza kuyala akabaki mzima kama ameshiba kidogo kabla, amepewa kidogo kidogo na amezoeshwa. Na hiyo nusu ya pili iko mikononi mwako kabisa, haihitaji hela nyingi.

INAVYOTOKEA

Mmea unavuta nitrojeni kutoka ardhini, sehemu kubwa ikiwa katika umbo la nitrati, halafu majani kwa kutumia nguvu ya jua yanaigeuza kuwa protini. Siku za kawaida kinachovutwa na kinachotumika vinakwenda sambamba. Ila kitu chochote kikiyasimamisha majani huku mizizi inaendelea kuvuta, nitrati inajazana, na inajazana zaidi kwenye shina la chini. Ukame unafanya hivyo, siku nyingi za mawingu mfululizo zinafanya hivyo, baridi kali na barafu, mvua ya mawe iliyochana majani, hata dawa ya magugu kama 2,4-D.

Sasa ng'ombe akila, vijidudu vya tumbo kubwa vinageuza nitrati kuwa nitriti, halafu nitriti kuwa amonia, na amonia inatumika kutengeneza protini. Ile hatua ya kwanza ina kasi kuliko ya pili. Chakula kikiingia taratibu hakuna shida, kikiingia kingi kwa mpigo nitriti inalundikana, inapenya kwenye damu na kuiharibu himoglobini (ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni), inakuwa methemoglobini ambayo haibebi oksijeni. Yaani mnyama anavuta hewa, mapafu ni mazima, hewa ipo, lakini damu haiichukui. Dalili zinaanza kuonekana pale asilimia 30 hadi 40 ya himoglobini ikishaharibika, na ikikaribia asilimia 80 anakufa. Wala sio ugonjwa mpya, mwaka 1895 huko Kansas, Marekani, daktari wa mifugo N. S. Mayo alishaandika kuhusu ng'ombe waliokufa kwa kula mabua ya mahindi yaliyojaa nitrati ya potasiamu.

HATUA YA KWANZA: LIJUE SHAMBA LAKO KABLA HUJAFUNGUA

Anza na mmea wenyewe. Wa kuogopa zaidi ni jamii ya mtama, iwe mtama wa kawaida, majani ya Sudan au Columbus, halafu mahindi, uwele, oti, na hata majani ya tembo (matete, wengine mnaita napia) yakiwekewa samadi nyingi kupita kiasi. Sukuma wiki na kabichi zilizokataliwa sokoni nazo zimo. Mikunde kama lusini na desmodiamu huwa haina shida kubwa. Ila msisahau magugu! Mchicha pori unashika nitrati vibaya sana, na mnavu pia, na mara nyingi shamba la mahindi lililokauka ndilo lililojaa mchicha pori, ng'ombe akiingia anaanza na huo maana ndio laini.

Halafu tembea shamba lote kwa mguu, usiangalie kutoka barabarani. Tafuta vile viraka vyenye kijani cha kukolea karibu na weusi. Utavikuta sehemu zile zile kila mara: pembeni ya shimo la samadi, mkojo wa banda unapotiririkia, mahame ya zizi la zamani, na pale gunia la mbolea lilipomwagika wakati wa kukuzia. Kwenye mahame mtama unatoka na mashina manono ya kuvutia, mchicha pori unafika kifuani, na macho yanakwambia hapo ndipo pa kulisha kwanza. Hapo ndipo pa kuzungushia uzio. Kiraka kidogo tu kama uwanja wa nyumba kinatosha kuangusha ng'ombe kadhaa hata kama shamba lingine lote ni salama.

Kisha jiulize kuhusu hali ya hewa ya wiki mbili zilizopita. Kama ulikuwa ukame halafu mvua ikanyesha, usifurahi ukafungua kesho yake. Mizizi inaamka kabla ya majani, inavuta nitrati yote iliyokuwa imelala kwenye udongo mkavu, kwahiyo siku chache baada ya mvua ndo kipindi kibaya kuliko hata ukame wenyewe. Subiri siku 7 hadi 14 mmea ukue vizuri kwanza. Na wa nyanda za juu, Njombe, Mufindi, Limuru, Nyandarua, ninyi tatizo lenu mara nyingi sio ukame, ni ule mwezi wa saba ambao jua halionekani wiki nzima na asubuhi kuna umande wa barafu. Oti iliyopigwa urea na kukaa kwenye mawingu inaweza kuwa na nitrati nyingi huku inapendeza kabisa, wala haijanyauka.

Mbolea: ukishakuzia kwa urea au CAN, au ukimwaga samadi ya maji, kaa angalau wiki 3 hadi 4 kabla ya kulisha. Na ukuzie kidogo kidogo kwa awamu badala ya kumwaga yote siku moja. Kama mvua imegoma, acha kabisa kukuzia, maana mmea hauwezi kuitumia hiyo mbolea, utaihifadhi kwenye shina tu ikusubiri.

HATUA YA PILI: PIMA

Kwa macho hutaijua nitrati, wala kwa harufu au ladha. Kipimo cha kweli ni maabara. Tanzania ulizia TALIRI (taasisi ya utafiti wa mifugo) au SUA (chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine) pale Morogoro, Kenya ulizia KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo), na ofisi ya mifugo ya wilaya au kaunti yako itakuelekeza maabara ya karibu inayopima malisho. Piga simu kwanza uulize kama wanapima nitrati, maana kuna wanaopima protini tu.

Sampuli nayo ina adabu zake. Pita shambani kwa zigizaga ukate mashina 15 hadi 20, ukate kwa urefu ule ule ambao ng'ombe atakula au panga litapita, na usichanganye vile viraka vya kukolea na shamba la kawaida, viraka vipe sampuli yao. Katakata, changanya, weka kwenye mfuko wa karatasi na upeleke haraka. Mfuko wa plastiki juani unaozesha sampuli na majibu yanakuwa ya uongo. Vile vijikaratasi vya kupimia nitrati kwenye maji unaweza kuvigusisha kwenye utomvu wa shina la chini, vikibadilika rangi sana ujue kuna jambo, lakini visikupe ruhusa ya kulisha, vikupe tahadhari tu. Na ile "nimewaonjesha mbuzi hawakufa" tuiache jamani, ng'ombe anaathirika kirahisi zaidi kuliko mbuzi na kondoo.

HATUA YA TATU: SOMA MAJIBU NA UPIGE HESABU

Hapa watu wengi wanachanganyikiwa, kwasababu maabara moja inaandika nitrati (NO3) na nyingine inaandika nitrojeni iliyo kwenye nitrati (NO3-N), na tofauti ni mara nne na zaidi. Ukipewa NO3-N zidisha kwa 4.4 upate NO3. Ukipewa nitrati ya potasiamu zidisha kwa 0.61. Na ppm (sehemu kwa milioni) 10,000 ni asilimia 1. Zote zihesabiwe kwenye uzito wa chakula kikavu, sio kibichi.

Ikiwa chini ya ppm 4,400 za NO3, lisha kawaida. Kati ya 4,400 na 6,600 wasio na mimba wanakula bila shida ila wenye mimba isizidi nusu ya chakula chao cha siku. Kati ya 6,600 na 8,800 isizidi nusu kwa wote. Kuanzia 8,800 hadi 15,400 isizidi asilimia 35 hadi 40 na wenye mimba wasiguse. Kutoka hapo mpaka 17,600 isizidi robo, na zaidi ya 17,600 usilishe. Mimi binafsi nikiona imevuka 15,400 simpeleki ng'ombe kuchunga mle, najua siwezi kumhesabia anachokula.

Mfano. Ng'ombe wa kilo 400 anakula kama kilo 10 za chakula kikavu kwa siku. Mtama wako umesoma 12,000. Asilimia 35 ya kilo 10 ni kilo 3.5 kavu, na mtama mbichi ukiwa na maji asilimia 80 hivi, hiyo ni kama kilo 17.5 za majani mabichi kwa siku nzima. Iliyobaki ajaziwe na hei safi (majani yaliyokatwa yakakaushwa), nyasi kavu za kawaida, pumba. Ukipiga wastani wa siku, anapata kama 4,200, yaani uko chini ya ule mstari wa 4,400, lakini kwa masharti kwamba hicho kingine na maji anayokunywa havina nitrati. Gawanya hizo kilo 17.5 mara mbili au tatu, usimmwagie zote kwa mkupuo.

HATUA YA NNE: WAANDAE NG'OMBE KABLA YA SHAMBA

Hii ndio hatua naisisitiza kuliko zote na ndiyo inayorukwa. Ng'ombe asiingie na njaa. Asubuhi washibishe kwanza nyasi kavu, mabua ya zamani, hei, chochote kisicho na hatari, angalau nusu ya shibe yao. Kama wametoka safari, wametoka mnadani, au walifungiwa usiku kucha kwa ajili ya kuogeshwa, siku hiyo sahau kabisa.

Wape na kitu cha nguvu: pumba za mahindi, molasesi kidogo, mahindi yaliyoparazwa. Vijidudu vya tumboni vinahitaji nguvu ya wanga ili kumalizia ile hatua ya pili ya kugeuza nitriti kuwa amonia, kwahiyo ng'ombe anayepata pumba anavumilia nitrati zaidi ya yule aliyekonda anayeishi kwa nyasi tupu. Waliokonda, wagonjwa, wenye mimba na waliotoka kuugua ndigana wabaki nyumbani.

Kisha wazoeshe. Siku ya kwanza waingie kwa lisaa limoja tu halafu watoe, siku zinazofuata ongeza taratibu, ndani ya wiki moja hivi tumbo linakuwa limejipanga. Ila mazoea hayo yanapotea wakikaa siku kadhaa bila kuyala, kwahiyo ukikatisha unaanza upya, usidhani waliozoea mwezi uliopita bado wamezoea.

HATUA YA TANO: SIKU YA KUINGIA

Ingiza mchana kuelekea alasiri, siku ya jua. Asubuhi nitrati inakuwa juu kwasababu usiku kucha mizizi imevuta na majani hayakufanya kazi, jua likipiga masaa kadhaa inashuka. Siku ya mawingu mazito ahirisha, hata kama mchungaji ameshafika.

Usiwabane sehemu ndogo wakala mpaka kisiki. Ng'ombe akiwa na nafasi anachagua majani na ncha laini ambazo zina nitrati kidogo, akibanwa anashuka kwenye shina la chini ambako ndiko sumu ilikokaa. Kwahiyo wape eneo la kutosha, wakishamaliza majani wahamishe, waache mashina ya sentimita 20 hadi 30 yabaki yamesimama. Najua inauma kuacha chakula shambani wakati wa kiangazi.

Na mtu awepo. Sio mtoto wa darasa la tatu aliyeachiwa kundi, mtu mzima anayejua anachokitafuta, awazungukie kila nusu saa kwa masaa ya mwanzo.

WA KUKATA NA KULISHA, HEI NA SAILEJI

Mnaofugia ndani, panga lipite juu, ile theluthi ya chini ya shina iachwe. Kata alasiri na ulishe jioni hiyo hiyo. Kile kitendo cha kukata jioni, kulundika kwenye baro au pembeni ya banda usiku kucha, kesho asubuhi unakuta rundo lina moto katikati, ni hatari sana: joto na unyevu vinageuza nitrati kuwa nitriti tayari kabla haijafika tumboni, na nitriti ni kali kuliko nitrati. Ukiingiza mkono kwenye rundo ukasikia joto, hiyo ni mbolea ya shamba sasa, sio chakula.

Kukausha hakusaidii. Rudia tena kusoma hapo. Hei ya mtama iliyokatwa ikiwa na nitrati 12,000 itabaki na 12,000 hata baada ya miezi sita stoo, kwahiyo kama hujui ilikatwa katika hali gani, ipime au ichanganye. Hei iliyolowa mvua ikapata joto ndio mbaya zaidi.

Saileji, yaani majani mabichi yaliyokatwakatwa na kushindiliwa shimoni bila hewa, inasaidia, ikitengenezwa vizuri inapunguza nitrati kwa asilimia 30 hadi 60, kwahiyo mahindi ya ukame mimi ningeyapeleka shimoni kuliko kuyachungia. Iache wiki 4 au zaidi bila kufungua halafu pima tena. Lakini wiki 3 za kwanza shimo linaweza kutoa gesi ya rangi ya njano kuelekea kahawia, inanuka kama dawa ya kuondolea madoa kwenye nguo, ni nzito kuliko hewa kwahiyo inalala chini shimoni na inaua watu. Watoto wakae mbali, na mtu asishuke shimoni kushindilia tena baada ya siku ya kwanza.

MAJI NA MAGUNIA

Kisima kifupi kilicho chini ya zizi au karibu na choo kinaweza kuwa na nitrati yake, na hiyo inajumlishwa na ya kwenye majani. Kikipimwa kikazidi miligramu 50 kwa lita hata binadamu asiyatumie, hasa kumkorogea mtoto mchanga maziwa, hicho ni kiwango cha WHO (Shirika la Afya Duniani). Magunia ya CAN yasitupwe ovyo, ng'ombe anapenda ule uchumvichumvi na atalamba mpaka aanguke. Dumu lililobeba mbolea lisibebe maji ya mifugo.

UKIONA DALILI

Mara nyingi ni ndani ya masaa 6 tangu wale. Anahema haraka na kwa shida, analegea, anayumba, misuli inatetemeka, anakojoa mara kwa mara, anadondoka. Fungua mdomo uangalie fizi, au funua sehemu ya uke kwa jike: badala ya wekundu utaona rangi ya kijivu, bluu, au kahawia kama kahawa. Damu inakuwa na rangi ya chokoleti.

Watoe shambani wote, pamoja na wale wanaoonekana wazima, lakini taratibu, polepole mno, bila fimbo na bila mbwa. Mnyama asiye na oksijeni ukimkimbiza unamuua wewe mwenyewe. Wakae kivulini, wapewe nyasi kavu na maji safi, na dokta apigiwe simu palepale, umwambie walikula nini na saa ngapi. Dawa ipo, inaitwa methilini bluu, dokta anaichoma mshipani taratibu kulingana na uzito, na ikiwahi mnyama anaweza kusimama mbele ya macho yako. Nitrati bado ipo tumboni kwahiyo anaweza kurudi chini akahitaji dozi nyingine, msimuage dokta mapema. Maziwa na nyama ya aliyechomwa visitumike mpaka dokta aseme.

Kuna kitu kimoja cha kumkumbusha dokta. Mtama mchanga na machipukizi yake una sumu nyingine, sianidi, ambayo dalili zinafanana sana ila damu yake inakuwa nyekundu ya kung'aa. Mojawapo ya dawa za sianidi ni nitriti ya sodiamu, na ukimchoma mnyama mwenye sumu ya nitrati dawa hiyo unamalizia kazi. Kwahiyo rangi ya damu iangaliwe kwanza kabla ya sindano.

Kama umekuta mzoga tayari, usiupasue kwa ajili ya kuangalia damu! Kufa ghafla kunaweza kuwa kimeta, na kimeta kinaua na watu. Usichune, usigawe nyama, funika, zuia mbwa, subiri wataalamu.

Waliopona wafuatilie wiki mbili zaidi. Mama anaweza kuwa mzima kabisa huku ndama tumboni alikosa hewa, ukashangaa wiki ijayo mimba zinatoka moja baada ya nyingine. Mweleze dokta historia ya lile shamba ili asianzie na kuisingizia brusela (ugonjwa unaotoa mimba), ila apime nayo pia, na wewe usishike hiyo mimba iliyotoka kwa mikono mitupu. Shamba lenyewe lifunge, chukua sampuli upya, na kama majibu yanaruhusu lirudie baada ya jua la siku kadhaa ukianzia hatua ya nne, au likate juu ulipeleke kwenye saileji.